Miaka miwili na shirika la ithibati ya kilimo hai: nyota nne kati ya tano

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya barua pepe zilizokaa wiki tatu bila kujibiwa huku nyanya zangu zinaivia shambani, na nitafika huko. Nianze na zile nne, maana walizipata kwa kunikatalia mara mbili, na mara zote mbili haki ilikuwa upande wao.

Mimi natengeneza sosi ya nyanya. Nina shamba dogo la nyanya, jiko la kusindikia lenye masufuria mawili makubwa, na wasaidizi wawili. Vitunguu nanunua kwa mkulima mwenye cheti cha kilimo hai. Kwa miaka kadhaa niliuza kwa maneno ya mdomo tu: nawaambia wateja sipigi dawa wala sitii mbolea ya viwandani, nao wanaridhika kwa sababu wananijua. Kisha akaja mnunuzi asiyenijua. Alionja, akapenda, akaniuliza swali moja: "Nani amekuthibitisha?" Nikabaki nimeshika kijiko. Alitaka nembo ya Marekani, ile ya duara yenye herufi USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, na baadaye ikiwezekana jani la kijani la Umoja wa Ulaya.

Wengi wanadhani wizara ya kilimo ya Marekani inatuma watu wake kukagua mashamba. Hapana. Wizara inatunga kanuni na kuyapa idhini mashirika ya ithibati, ya umma na ya binafsi, yaliyotawanyika sehemu nyingi duniani. Hayo ndiyo yanakuja kwako, yanakukagua na kukupa au kukunyima cheti. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1990, lakini kanuni zilianza kutumika kikamilifu Oktoba 2002. Shirika nililolichagua silitaji jina. Ninachotaka kukupimia hapa ni huduma yenyewe, na mashirika haya yote yanafuata kitabu kimoja cha kanuni, kwa hiyo mengi niliyoyaona utayakuta popote uendako.

Kitu cha kwanza walichonitumia ni orodha ya ada, kwa maandishi, kabla sijalipa chochote. Wanatakiwa kufanya hivyo. Ukikutana na shirika linalokuzungusha kwenye suala la ada, omba orodha hiyo, na wasipoitoa tafuta lingine. Kitu cha pili kilikuwa fomu ya mpango wa kilimo hai, kurasa nyingi mno: ramani ya shamba, historia ya kila kipande kwa miaka mitatu, mbegu zinatoka wapi, samadi inatoka wapi, majirani wanapanda nini na wanapiga dawa gani, sufuria unaziosha kwa sabuni ipi, panya unawazuiaje ghalani. Niliijaza kwa siku tisa. Niliona ni usumbufu. Baadaye nikagundua kwamba kwa miaka yote ile niliyouza sosi sikuwahi kukaa chini hata siku moja nikajiuliza maswali hayo.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mwanamume wa makamo, mpole, amevaa viatu vya shamba vilivyochakaa. Nilimwandalia chai na nikataka kumpeleka moja kwa moja kwenye nyanya, kwa kuwa zilikuwa zimependeza. Akashukuru kwa chai, akaniambia tuanzie ghalani. Akaanza kuangalia pembeni: nyuma ya mlango, chini ya rafu, ndani ya ndoo zilizofunikwa. Kwenye pembe moja akaokota pakiti tupu ya mbegu. Akaigeuza juu ya kiganja chake, zikadondoka punje nne, za rangi ya waridi iliyokolea, kama zimepakwa rangi ya kucha.

"Mama, hizi zilipandwa wapi?"

Mbegu ya nyanya haina rangi hiyo. Rangi ile huwekwa makusudi kuonyesha kwamba mbegu imepakwa dawa ya kuua kuvu, ili mtu asije akaila au akamlisha kuku. Msaidizi wangu alipungukiwa mbegu siku ya kupanda, akakimbia kununua pakiti moja, akamalizia kipande cha chini. Hakunificha. Hakujua tu kwamba ni jambo la kuambiwa, na mimi sikuuliza.

Kanuni ya Marekani inataka ardhi iwe imekaa miaka mitatu, miezi 36 kamili, bila kuguswa na kitu kilichokatazwa kabla ya kuvuna zao linaloitwa la kilimo hai. Mbegu iliyopakwa dawa iliyokatazwa inahesabiwa kama kuiweka dawa hiyo ardhini. Kwa hiyo kipande cha chini, ambacho ni kama theluthi ya shamba, saa yake ilirudi kwenye sifuri tangu siku ile ya kupanda. Sehemu iliyobaki ilipita. Nyanya za kipande cha chini nilitakiwa kuzivuna peke yake, kuziweka kreti zenye alama tofauti, na kuziuza kama nyanya za kawaida.

Nilikasirika siku nzima. Usiku ndipo nilipokumbuka kwamba msimu ule wote, huku zile punje za waridi ziko ardhini, niliendelea kuwaambia wateja kwa moyo mweupe kwamba shamba langu haliijui dawa. Sikuwa nadanganya. Na nilichosema hakikuwa kweli. Tangu usiku ule, mtu akiniambia "niamini, mimi nalima kiasili", namheshimu, lakini namuuliza daftari lake liko wapi.

Baada ya ghala tukaenda kwenye mboji. Hapa nilifurahi, kwa kuwa mboji naijua. Natandaza mabua makavu, majani mabichi, samadi ya ng'ombe, narudia tabaka hadi lundo linanifika kifuani. Mkaguzi alichomeka kipimajoto kirefu cha chuma hadi katikati ya lundo, akasubiri, kikasoma nyuzi 61 za selsiasi. Akachukua konzi moja akanusa. Harufu ilikuwa ya udongo baada ya mvua ya kwanza, hakuna ukali wa mkojo. Nikamtazama usoni nikijua nimefaulu.

"Vizuri sana. Naomba daftari la lundo hili."

Kanuni inasema mboji yenye samadi iliyolundikwa kwa mistari namna yangu ishikilie joto la nyuzi 55 hadi 77 kwa siku 15, na katika siku hizo igeuzwe angalau mara tano. Lengo ni joto hilo lifike kila sehemu ya lundo, liue vijidudu vya kinyesi na mbegu za magugu. Mimi nilikuwa nageuza, lakini nilikuwa naandika pale nikikumbuka tu. Daftari lilikuwa na joto la siku kumi na moja na mageuzo matatu. Bila ushahidi, lundo lile kwenye macho ya kanuni lilibaki kuwa samadi mbichi, na samadi mbichi ina masharti yake: ifukiwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, au siku 90 kama haigusi. Nyanya zangu zimefungwa kwenye miti, hazilali chini, kwa hiyo ni siku 90. Kama zingekuwa zinatambaa ardhini, au kama ningekuwa napanda vitunguu, ni 120.

Sasa kipimajoto kinaning'inia kwenye msumari kando ya lundo na daftari limo ndani ya mfuko wa plastiki juu yake. Msaidizi anayepita asubuhi anasoma na kuandika. Kazi ya dakika mbili. Na nimejifunza kitu kuhusu malundo yangu ambacho pua haikuwahi kuniambia: lundo la kiangazi linapoa siku ya nane kwa ukavu, nikilimwagia maji ndoo nne linapanda tena.

Mpakani mkaguzi hakutumia kamba ya kupimia kama nilivyotarajia. Kanuni ya Marekani haitaji idadi ya mita za ukanda wa kinga kati yako na jirani anayepiga dawa. Inataka tu uwe wa kutosha. Alisimama, akatazama upepo unavyopeperusha majani, akaangalia mteremko na mfereji wa maji ya mvua, akauliza jirani anapiga dawa kwa bomba la mgongoni au kwa trekta. Akachukua sampuli ya majani ya mstari wa mwisho, akaifunga mbele yangu na nikasaini juu ya lakiri. Kila shirika linatakiwa kupima mabaki ya dawa kwa angalau asilimia 5 ya wateja wake kila mwaka, na mwaka ule kura iliniangukia. Majibu yalitoka safi. Hata hivyo alinishauri nizungumze na jirani, nami nilikwenda siku hiyohiyo na kikapu cha nyanya. Siku hizi ananipigia simu kabla ya kupiga dawa, na mimi nafunika mstari wa mwisho.

Hilo lilikuwa katalio la kwanza, na lilihusu shamba. La pili lilihusu chupa. Nitaliweka wazi kwa tarakimu kwa sababu kila anayesindika chakula atakutana nalo.

Sufuria langu moja lilikuwa hivi: nyanya kilo 70, vitunguu kilo 12, mafuta ya alizeti kilo 8, maji kilo 8, chumvi kilo 2. Jumla 100, ukiacha vitu vya gramu chache. Nyanya na vitunguu vyote vya kilimo hai. Mimi nikajumlisha 70 na 12, nikaona asilimia 82, nikafa moyo. Kumbe maji na chumvi havihesabiwi. Unaviondoa kwanza, unabaki na kilo 90, kisha unagawa: 82 kwa 90 ni asilimia 91. Nikapata matumaini. Lakini kuandika neno "hai" mbele ya chupa na kuweka nembo kunahitaji angalau asilimia 95. Yule mwenye 70 hadi chini ya 95 anaruhusiwa kuandika "imetengenezwa kwa nyanya na vitunguu vya kilimo hai", akataja viungo visivyozidi vitatu, na nembo haigusi. Chini ya 70, neno linaishia kwenye orodha ya viungo nyuma ya chupa. Ulaya ni wakali zaidi: daraja hilo la kati hawana kabisa, ni 95 au orodha ya nyuma tu.

Nikaona njia. Nikipunguza mafuta hadi kilo 4, hesabu inakuwa 82 kwa 86, asilimia 95 na ziada kidogo. Nikapika, nikaonja, sosi ikawa nyepesi lakini inaliwa. Nikawaandikia kwa furaha. Jibu likaja: bado haifai. Ile asilimia 5 iliyobaki haikuachwa wazi mtu ajaze atakacho. Kuna orodha ya taifa ya Marekani inayotaja vitu visivyo vya kilimo hai vinavyoruhusiwa humo, na mafuta ya alizeti ya kawaida hayamo. Nikawauliza, basi niambieni ninunue mafuta gani, kwa nani? Wakajibu kwamba hawaruhusiwi kunishauri namna ya kuvuka kikwazo walichokiona wao wenyewe, kwa kuwa hawawezi kuwa mwalimu na msahihishaji wa mtihani uleule.

Wakati ule nililiona jibu hilo ni la kikatili. Leo ndilo linalofanya niwape nyota ya nne. Mashirika haya yanalipwa na watu yanayowakagua. Kama yangekuwa pia yanawauzia ushauri wa kufaulu, cheti kingekuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Kanuni inawapa kazi ya kunionyesha kifungu na kuniacha nitafute mwenyewe. Nilitafuta miezi miwili nikapata mkamuaji mwenye cheti. Mafuta yakarudi kilo 8, sosi ikarudi uzito wake.

Yako mambo madogo yaliyonishangaza kwenye sosi hiyohiyo. Sodiamu benzoati niliyokuwa natia ili isichache ilitoka, haimo kwenye orodha. Asidi ya sitriki iliruhusiwa, kwa kuwa hutengenezwa kwa kuchachusha na imetajwa kwenye orodha kwa jina. Chumvi nayo waliidai karatasi! Kumbe chumvi nyingi za pakiti zina kitu cha kuzuia zisigandamane, na baadhi ya vitu hivyo havikubaliki. Nilibadilisha nikachukua chumvi isiyo na kitu hicho. Inashika unyevu, naianika. Na kwa kuwa kuna asidi ya sitriki ndani, chupa yangu inaandikwa "hai" na si "hai asilimia 100", maana daraja la 100 halimwachii nafasi hata mgeni mmoja.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wewe unayenunua tu na hulimi, kwa kuwa naona watu wanavyochanganywa. "Asilia" si daraja la ithibati. "Bila kemikali" pia si daraja. Jani la kijani lililochorwa na mchapishaji wa lebo haliko kwenye sheria yoyote. Arseniki ni sumu ya asili, striknini ni sumu ya asili, na zote mbili zimekatazwa kwenye kilimo hai kwa majina yake. Kwa upande wa pili, kilimo hai kinaruhusu baadhi ya dawa: salfa, shaba, mwarobaini, pareto, bakteria wanaoua viwavi. Zina mipaka. Ulaya, kwa mfano, shaba isizidi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Mtu akikwambia nembo maana yake shamba halijapigwa dawa ya aina yoyote, anakwambia kitu ambacho nembo haikusema. Inachosema ni kwamba kuna mtu wa nje aliyefuatilia chakula hiki kilivyolimwa, kilivyohifadhiwa na kilivyopikwa, na kwamba mbegu zilizobadilishwa vinasaba, mionzi ya kuhifadhia na tope la majitaka havikuingia. Mambo hayo matatu yaliachwa wazi kwenye rasimu ya Marekani ya mwaka 1997, na watu wakaandika maoni zaidi ya 275,000 hadi yakafungwa. Ninapochoka na makaratasi nawakumbuka watu hao.

Kwa hiyo geuza pakiti. Kama ina nembo ya Marekani, tafuta nyuma, chini ya jina la mtengenezaji, maneno yanayotaja shirika lililoithibitisha. Ni lazima yawepo. Kama ni jani la Ulaya, lile la nyota 12, karibu yake pawe na namba ya msimbo yenye herufi za nchi, neno kama BIO, kisha tarakimu, na chini yake maelezo kama mazao yamelimwa ndani au nje ya Umoja wa Ulaya. Afrika Mashariki ina nembo ya Kilimohai iliyotokana na kiwango cha pamoja cha mwaka 2007, nacho kinatambua pia ukaguzi wa vikundi vya wakulima wanaokaguana wenyewe bila shirika la nje, ambao Marekani na Ulaya hawaukubali. Nembo ya Marekani ina kanzidata ya wazi kwenye intaneti: unaandika jina la mtengenezaji, unaona kama cheti chake kiko hai, kimesimamishwa au amekirudisha. Mimi nimo. Nilijitafuta siku ya kwanza nikawaita wasaidizi wangu waje waone.

Ukaguzi wa mwaka wa pili ulikuwa mfupi na mgumu zaidi. Mkaguzi mwingine, dada mmoja kijana asiyecheka sana. Alichukua chupa moja rafuni bila kuchagua, akasoma namba ya toleo, akaniambia: "Nirudishe hadi shambani." Nikafungua daftari la jikoni: toleo lile, tarehe, sufuria la pili, nyanya za kipande cha juu zilizovunwa jana yake, vitunguu vya mzigo fulani. Nikatoa hati ya mzigo, risiti, na nakala ya cheti cha mkulima wa vitunguu. Dakika kumi na mbili. Nilijivuna moyoni.

Kisha akafanya hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Msimu ule nilinunua vitunguu kilo 240. Nilipika masufuria 18, kila moja kilo 12, jumla 216. "Kwa hiyo ghalani kuna kilo 24," akasema, akainuka. Tukapima pamoja. Mizani ikasoma 21. Kilo tatu hazipo.

Zilioza. Nilizitupa mwenyewe kwenye mboji na sikuandika. Ni kilo tatu tu, nikamwambia. Akanieleza bila kunikaripia kwamba kwake upungufu ni afadhali kuliko ziada: mtu akinunua kilo 240 na kupika za kilo 300, hizo 60 zimetoka wapi? Ndivyo udanganyifu mkubwa unavyofanyika. Mkulima mmoja wa Missouri alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuuza nafaka za kawaida kama za kilimo hai, miaka na miaka, mzigo wa thamani ya mamilioni ya dola. Baada ya kesi za namna hiyo Marekani ilikaza kanuni, na tangu Machi 2024 hesabu kama ile ya vitunguu vyangu ni lazima kwenye ukaguzi wa kila mwaka, na asilimia 5 ya wateja wanatembelewa bila taarifa. Akaandika kasoro ndogo, akanipa siku za kurekebisha. Nilirekebisha kwa kalamu na karatasi iliyopigiliwa juu ya ndoo ya takataka.

Sasa nyota waliyoikosa.

Lebo haichapishwi kabla haijapitishwa nao. Ni sawa. Yangu ilirudishwa mara tatu, na kila mara na mtu tofauti wa ofisini. Wa kwanza alisema alama ya nyota kwenye orodha ya viungo haina maelezo yake. Nikarekebisha. Wa pili akasema jina la shirika liko juu ya anwani yangu wakati linatakiwa kuwa chini. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa nini wa kwanza hakusema? Wa tatu akaniuliza tena swali la chumvi ambalo lilikuwa limeshajibiwa na karatasi iko kwenye faili langu. Kati ya wa pili na wa tatu ndipo zilipopita wiki tatu za kimya. Niliandika barua pepe nne. Nyanya haingoji barua pepe. Nilisindika kilo zaidi ya mia nne nikaziuza bila nembo, kwa wateja wangu wa zamani, wakati cheti cha shamba na jiko tayari ninacho mkononi. Nilipolalamika waliomba radhi na kunipa mtu mmoja wa kunishughulikia, na tangu hapo mambo yamekwenda vizuri. Lakini mkulima hapangi msimu wake kwa ratiba ya ofisi. Wangelijua hilo kuliko mtu yeyote.

Fomu zao pia ni za Kiingereza tupu. Mkulima wangu wa vitunguu, ambaye anajua udongo kunishinda, alijaziwa na mtoto wake wa shule, na mtoto akaandika "samadi" kama mbolea ya kununua. Walipoteza mwezi mzima kwa neno moja.

Ukitaka kuanza, anza na daftari leo, kabla hujaomba chochote. Andika tarehe ya mwisho kitu cha dukani kilipoingia shambani mwako, kwa kuwa hesabu yako inaanzia hapo, na kama una hati au jirani wa kushuhudia, ihifadhi. Ulaya wanahesabu miaka 2 kabla ya kupanda kwa mazao ya msimu, na 3 kabla ya kuvuna kwa miti na mimea ya kudumu. Kama shamba ni dogo sana na ada zinakutisha, tafuta wenzako mjiunge, ithibati ya kikundi ipo. Mtahitaji mfumo wenu wa kukaguana wa ndani, na kwa kanuni ya Ulaya kikundi kisizidi watu 2,000. Kumbukumbu zako zitunze miaka mitano. Na pakiti za mbegu usizitupe hata zikiwa tupu.

Ya kwangu ya waridi niliiomba mkaguzi asiichukue. Imo kwenye faili, ukurasa wa kwanza. Kipande cha chini kimebakiwa na miezi tisa. Mwaka huu nimepanda maharage huko, ya mbegu isiyopakwa kitu, yamestawi yamefunika ardhi yote. Juzi mteja mmoja aliyazunguka akayasifia, akauliza kama nayo ni ya kilimo hai. Nikamwambia hapana, haya ni maharage tu. Akanunua kilo mbili.